Somo la wiki: Kutuliza, si kuchosha



Kama tulivyosema Jumamosi iliyopita, darasa la wakubwa litawatembelea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee iliyo karibu nasi, hapa hapa Bordesley Green. Tumepewa saa moja, kuanzia saa nane mchana. (Watoto, saa nane ya Kiswahili ni pale mshale mfupi unapokuwa kwenye mbili. Mwaka jana wawili walituona tukirudi.) Somo la leo ni maandalizi ya saa hiyo, na sarufi tutaisoma humo humo.

Tuanze na kitenzi *tulia*. Bibi akiwa ametulia, ametulia mwenyewe. Wewe ukimfanya atulie, umem*tuliza*. Hiyo ndiyo kauli ya kutendesha. Mara nyingi k ya mwisho hugeuka sh: *kumbuka* huwa *kumbusha*, *amka* huwa *amsha*, *choka* huwa *chosha*. L nayo hugeuka z: *lala* huwa *laza*. *Cheka* haifuati njia hiyo, ni *chekesha*. Andikeni daftarini kitenzi *chosha*, kwa sababu ndicho tulichokifanya safari ya kwanza.

Kosa lilikuwa langu. Nilipeleka watoto kumi na wanne, ngoma mbili na nyimbo tano. Nilidhani furaha ni kelele. Babu mmoja alitoa kifaa chake cha kusikilizia sikioni akakitia mfukoni, na mama mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu akaziba masikio akaanza kulia. Baadaye mhudumu alinieleza kwamba kifaa kile hukuza kila sauti, ya ngoma na ya kiti kinachoburutwa, na kwamba mwenye maradhi ya kusahau, yale yanayoitwa dimenshia, hupata shida kuchambua sauti nyingi kwa pamoja. Wengi wao pia huanza kuhangaika jua linapokaribia kuzama, na Desemba hapa Birmingham jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Ndiyo maana safari hii tunakwenda mapema, watoto sita tu, bila ngoma.

Tutafanya nini basi? Tutakunja khanga. Watoto wawili hawatoshi, tunataka mtoto mmoja na mzee mmoja, kila mtu ashike pindo lake, mkutane katikati, mkunje tena. Mikono iliyokunja nguo miaka sitini huendelea kuijua kazi hata mwenye mikono akiwa amesahau jina la siku. Mkimaliza, kunjueni muanze upya. Hakuna anayewahesabia. Khanga ikibaki magotini mwa mzee, iacheni, inampa joto.

Tutakuwa pia na vifuko vidogo vya kitambaa vyenye karafuu, iliki na mdalasini. Mzee anakiminya, ananusa, anapumzika. Ni vya kunusa tu. Baadhi ya wazee wana shida ya kumeza, hata chai yao hutiwa unga wa kuifanya nzito, kwa hiyo msimpe mtu chochote cha kula kabla ya kumwuliza mhudumu, hata biskuti moja.

Halafu mazungumzo. Nitabeba picha ya pikipiki ya BSA. Kiwanda chake kilikuwa Small Heath, jirani zetu, na kilifungwa miaka ya 1970, kwa hiyo huenda yuko mtu mle ambaye yeye au ndugu yake alifanya kazi pale. Mambo ya ujanani hukaa kichwani kuliko ya jana. Lakini msiulize, "Unakumbuka?" Hilo ni swali la mtihani, na asiyekumbuka hufedheheka. Semeni tu, "Pikipiki hii ilitengenezwa Small Heath," kisha nyamazeni. Kunyamaza ni sehemu ngumu kwenu, najua.

Sasa niwaambie kwa nini shule ya Kiswahili inajihusisha na jambo hili. Siku ile ile ya ngoma, fimbo ya bibi mmoja aliyevaa sari ilianguka. Mwanafunzi wetu aliiokota akasema bila kufikiri, "Pole, bibi." Yule bibi, ambaye wahudumu walisema hakuwa amezungumza wiki nzima, akamjibu, "Asante, mtoto. Mvua imenyesha Jinja?"

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na takriban 28,000 walikuja Uingereza. Wengine walikuwa wametoka Kenya miaka michache kabla. Wengi walikijua Kiswahili cha sokoni na cha mtaani. Mtu akianza kusahau, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani hutangulia kupotea, na zile za utotoni hubaki. Kwa hiyo salimuni kwa Kiswahili. Msiudhike mkisema "Shikamoo" msipate "Marahaba", maana salamu hiyo si ya kila mahali. Uganda wengi hawaitumii. Jaribuni "Habari, bibi?"

Na mtu akiwauliza kuhusu mvua ya Jinja, msimsahihishe. Msimwambie yuko Birmingham. Mwanafunzi wetu alijibu, "Hapa imenyesha tangu asubuhi," na ilikuwa kweli. Bibi akatikisa kichwa, akasema mahindi yatapona. Sikumfundisha mimi jibu lile.

Wazazi, tafadhali: simu zibaki mifukoni, hatupigi picha za wazee wala za watoto mle ndani. Mtoto mwenye kikohozi abaki nyumbani, hata akilia. Na tunaomba khanga zilizokwisha kufuliwa mara nyingi. Mpya zina wanga, ni ngumu mkononi.

Kazi ya nyumbani: geuzeni vitenzi hivi viwe vya kutendesha: *waka, anguka, kauka, rudi*. (Cha mwisho kina mtego.) Kisha mpigieni simu bibi au babu yenu, mwulizeni ni harufu gani inayomkumbusha nyumbani, mwandike sentensi tatu kwa maneno yake mwenyewe. Akisema jina la kitu msichokijua, leteni hilo jina darasani.