Neno "Oksidi" na Magunia ya Chokaa

Ndugu mkulima, huenda umeliona neno "oksidi" kwenye gunia la chokaa ukalipita tu. Yafaa ulijue, maana lahusu shamba lako na macho yako.

Oksidi ni kitu kinachopatikana oksijeni, ile hewa tunayoivuta, inapoungana na kitu kingine kimoja. Jembe lililolala nje kwenye umande hushika kutu: hicho ni chuma kilichoungana na oksijeni. Zamani kila fundi alivipa vitu hivi majina apendavyo. Oksidi ya zinki, kwa mfano, iliitwa "maua ya zinki". Mwaka 1787 Wafaransa wanne, wakiwamo Guyton de Morveau na Lavoisier, walitoa kitabu cha kuyapanga majina hayo, na humo ndimo mlimo neno oksidi.

Neno oksijeni lenyewe latokana na Kigiriki, maana yake "mzaa uchachu", kwa kuwa Lavoisier alidhani hakuna asidi isiyo na oksijeni. Alikosea. Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba iko asidi kali isiyo nayo kabisa. Jina, hata hivyo, lilikwisha kuzoeleka. Na ajabu ni kwamba chokaa, ambayo ni oksidi, huuondoa uchachu wa udongo badala ya kuuzaa!

Sasa tazama mawe ya chokaa ya Kajiado, yale yanayopelekwa viwanda vya saruji vya Athi River, jirani na Kitengela. Yakisagwa tu, huitwa kabonati ya kalsiamu, na unga wake ni mpole. Lakini kilo 100 za mawe safi zikichomwa kwa moto mkali, hubaki kilo 56 tu. Zile 44 huruka kama hewa ya kaboni. Kilichobaki ni oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa isiyozimwa. Ina kiu kubwa ya maji. Ukiimwagia maji huchemka na kufuka mvuke, ikawa haidroksidi, yaani chokaa iliyozimwa.

Kwa hiyo magunia matatu meupe yaweza kufanana, na kazi zake ni mbalimbali. Lile la oksidi usilishike kwa mikono yenye jasho, wala usilitie maji kwenye debe la plastiki, wala watoto wasilichezee. Vumbi lake likiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi, uendelee kuosha kwa muda mrefu, kisha uende hospitali. Lile la haidroksidi nalo huunguza macho, basi usilidharau.

Kabla ya kununua lolote, pima udongo. Maabara ya KALRO ya Kabete hufanya kazi hiyo. Udongo mweusi unaonata wa Kitengela kwa kawaida hauna uchachu, na kuutia chokaa ni kutupa fedha. Ukiwa na gunia la oksidi ghalani, liweke juu ya mbao, mbali na matone ya paa na mbali na majani makavu, kwani likilowa hupata moto.