Jina la Upanga: Higekiri na Hizamaru katika Visakale vya Ukoo wa Minamoto

1.0 Utangulizi

Aghalabu wahakiki wa tendi na visakale huutaja upanga wa shujaa kama chombo tu, wakauweka pamoja na ngao, farasi na hirizi. Makala haya yanadai kuwa mkabala huo hauwezi kueleza visakale vya Japani kuhusu panga mbili za urithi za ukoo wa Minamoto, Higekiri na Hizamaru. Katika visakale hivyo nguvu ya upanga haimo katika chuma chake bali katika jina lake, na jina hilo hubadilika. Inafaa kuchunguza nani analibadili, lini, na kwa faida ya nani.

Kwanza, suala la istilahi. Neno katana, lililoenezwa na filamu na michezo ya njozi, siku hizi hutumiwa kwa kila upanga wa Kijapani. Panga za mabwana wa karne ya 12 zilikuwa za aina ya tachi: upanga uliopinda, ulioning'inizwa kiunoni makali yakitazama chini, uliomfaa mpanda farasi. Katana, ambayo huchomekwa mshipini makali yakitazama juu, ilienea baadaye, katika zama za Muromachi (1336–1573). Neno letu upanga linazimeza zote mbili, na hapa halileti madhara.

2.0 Kisakale chenyewe

Masimulizi haya yamo katika sehemu iitwayo Tsurugi no Maki, yaani Kitabu cha Upanga, inayopatikana katika baadhi ya nuskha za Heike Monogatari. Heike Monogatari ni masimulizi marefu ya vita vya 1180–1185 kati ya koo za Taira na Minamoto, yaliyoghanwa na mafanani vipofu kwa biwa, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya udi. Kwa hiyo tunashughulika na matini iliyopita katika vinywa vingi kabla na baada ya kuandikwa.

Minamoto no Mitsunaka anaagiza panga mbili. Mhunzi anamwomba Hachiman, mungu mlinzi wa ukoo, kisha anazifua. Zinajaribiwa kwa miili ya wahalifu: mmoja unakata kichwa hata ndevu, nao unaitwa Higekiri, mkata-ndevu, mwingine unashuka hadi magotini, nao unaitwa Hizamaru, jina linalotokana na goti. Katika kizazi kinachofuata Watanabe no Tsuna anaukata kwa Higekiri mkono wa zimwi penye daraja la Modoribashi, Kyoto, na upanga unapewa jina la zimwi. Hizamaru unamjeruhi buibui mkubwa aliyemletea bwana wake ugonjwa, nao unakuwa Kumokiri, mkata-buibui. Hadi hapa jina ni kumbukumbu ya tendo, kama lakabu ya shujaa.

Mambo yanageuka zama za Tameyoshi. Panga zinaanza kutoa sauti usiku, zinapewa majina mapya, na mmoja wao, Hoemaru, unatolewa kwa mkwewe wa Kumano. Ili kuziba pengo, Tameyoshi anaagiza nakala ya upanga uliobaki. Nakala inazidi ule wa asili kwa bu mbili, yaani takriban milimita sita. Panga hizo zinaegemezwa pamoja, usiku zinaanguka, zinapopimwa, zimekuwa sawa. Upanga wa zamani umemkata mwenzake. Tangu hapo unaitwa Tomokiri, mkata-mwenza.

3.0 Jina linabeba hatia

Hapana budi kuliweka tukio hili dogo kando ya historia. Katika machafuko ya Hōgen ya mwaka 1156 Yoshitomo, mwana wa Tameyoshi, alipigana upande ulio kinyume na baba yake na ndugu zake. Upande wake ulishinda. Tameyoshi aliuawa kwa amri ambayo mwanawe alitakiwa kuitekeleza, na wengi wa ndugu waliangamia pia. Katika fikra za jamii iliyothamini mno utiifu wa mtoto kwa mzazi, hilo lilikuwa doa lisilofutika. Baada ya kushindwa katika machafuko ya Heiji (1159–1160), Yoshitomo, kwa mujibu wa kisakale, analalamika kuwa Hachiman ameutupa ukoo. Mungu anamjibu kuwa maafa yote, yakiwemo ya Hōgen, yametokana na jina Tomokiri. Upanga urudishiwe jina lake la kwanza.

Jibu hilo linastaajabisha kwa lisilolisema. Mwana aliyeshiriki kuuawa kwa baba yake hakaripiwi. Hatia inahamishwa kutoka mkono ulioushika upanga hadi kwenye upanga, na kutoka kwenye upanga hadi kwenye neno. Neno hubadilishwa kwa urahisi, na ndiyo sababu linafaa kubeba mzigo huo. Yoshitomo mwenyewe anauawa mwaka 1160, lakini upanga wenye jina lililotakaswa unamfikia mwanawe Yoritomo, naye anaibuka mshindi mwaka 1185. Yamkini msikilizaji wa karne ya 14 aliridhika: ukoo ulioanza utawala wa Kamakura haukujengwa juu ya damu ya babu.

Mbinu hiyohiyo inatumiwa tena kwa Yoshitsune, nduguye Yoritomo, ingawa kwa ufanisi mdogo. Hoemaru unamrudia kutoka Kumano, naye anauita Usumidori, kijani hafifu, kwa kukumbuka milima ya majira ya kuchipua. Anapofarakana na kaka yake anautoa wakfu Hakone akiomba suluhu. Suluhu haiji, mwaka 1189 Yoshitsune anakufa akisakwa kwa shinikizo la Yoritomo. Kisakale kinaashiria kuwa bahati yake iliondoka na upanga. Hapa hadhira haikushawishika: mapokeo mengine mengi ya Japani yanaendelea kumlilia Yoshitsune na kumlaumu kaka yake. Upanga huo baadaye unatumiwa na ndugu wawili wa Soga kulipiza kisasi cha baba yao mwaka 1193, kisha unamwangukia Yoritomo, na panga zinakutana tena kwa mtu aliyemwangamiza nduguye.

4.0 Panga leo

Hekalu la Kitano Tenmangū, Kyoto, linahifadhi upanga unaotambulishwa kuwa Higekiri, na Daikaku-ji, katika mji huohuo, unaotambulishwa kuwa Hizamaru. Hakone nako kuna upanga unaodaiwa kuwa huohuo Hizamaru. Upanga uliobadilishwa jina mara nyingi ni rahisi kudaiwa na wengi. Mwaka 2015 ulitolewa Touken Ranbu, mchezo wa kompyuta ambamo panga mashuhuri hugeuka wanaume katika ulimwengu wa njozi. Humo Higekiri ni kaka na Hizamaru ni mdogo wake, na kaka huyo kila mara husahau jina la nduguye.