SOMO LA AFYA: DAWA ZA MAUMIVU NA AKIBA YA INI

Katika msimu wa mavuno wakulima wengi hubeba magunia mchana kutwa, na jioni hutafuta vidonge vya kutuliza maumivu. Kinachopatikana kwa urahisi ni parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol. Ni dawa nzuri kwa kipimo chake. Ikizidi, huliangamiza ini.

Dawa nyingi zinazomezwa hupita katika ini ili zigeuzwe na kutolewa mwilini. Parasetamoli inapogeuzwa, sehemu yake ndogo huwa sumu. Ini lina akiba ya kemikali iitwayo glutathioni, ambayo huikamata sumu hiyo na kuiondoa. Dawa ikizidi, akiba huisha kama mfuko wa chama unaotoa pasipo kuingiza, na sumu iliyosalia huziua chembe hai za ini. Ulevi wa kila siku na njaa huipunguza akiba hiyo mapema.

Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Asimeze zaidi ya 2 kwa mara moja, na apitishe saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia. Mwenye mwili dhaifu, mnywaji wa pombe na mwenye ugonjwa wa ini waulize kipimo chao kwa daktari. Kipimo cha mtoto hutegemea uzito wake.

Kosa la kawaida ni kutazama jina la paketi bila kusoma kilichomo. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli. Azimezaye pamoja na Panadol amelipa hati moja mara mbili.

Aliyezidisha aweza kujiona mzima siku ya kwanza. Maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano huja baada ya siku 2 au 3. Kwa hiyo asingojee dalili. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na paketi. Dawa ya kuizuia sumu hiyo, asetilisisteini, hufaa zaidi ikitolewa kabla ya kupita saa 8 tangu vidonge vimezwe.

Wagonjwa wa kifua kikuu nao wajihadhari, kwani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zaweza kulidhuru ini. Waache pombe. Mgonjwa akiona macho ya manjano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, aende kliniki siku hiyo hiyo kabla ya kumeza dozi nyingine. Daktari ndiye aamuaye dawa ipi isimamishwe. Kuyakatiza matibabu kwa siri huurudisha ugonjwa.

Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili mkutanoni na kuwauliza wanachama:

1. Kwa nini aliyezidisha dawa asingojee dalili?
2. Katika dawa zilizomo nyumbani, ni zipi zenye parasetamoli?