Chumvi Kidogo, Miaka Mingi

Shinikizo la damu haliumi. Ndiyo maana wengi hulitambua wakiisha kupooza. Basi, wasomaji wetu, yatupasa kuwalinda wazima kabla hawajaugua. Mwaka 1972, huko Karelia ya Kaskazini nchini Ufini, waganga waliwaendea watu wote: akina mama jikoni, hata wenye viwanda vya soseji. Mafuta ya wanyama, tumbaku, na baadaye chumvi, vikapunguzwa. Shinikizo la damu likashuka. Katika miaka 25 vifo vya moyo kwa wanaume wa makamo vilipungua kupita nusu. Nasi tujifunze: chumvi ya mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, kadiri ya kijiko cha chai. Mama apunguze chunguni, baba asiongeze mezani. Kila nyumba ikipunguza kidogo, taifa zima litaongeza miaka.