Mto Naili na Ustaarabu wa Misri

Sisi wanafunzi tumezoea kusema kuwa ustaarabu wa Misri ya kale uliletwa na mto Naili. Hiyo ni nusu tu ya habari.

Mvua za milima ya Ethiopia ziliujaza mto kila mwaka, nao ukafurika na kuacha udongo mweusi wenye rutuba. Maji yalipopungua, wakulima walipanda ngano na shayiri. Lakini maji hayajigawi yenyewe. Matuta na mifereji ilihitaji watu wengi wapatanao, na ghala zilihitaji makarani waaminifu. Nchi iliunganishwa chini ya mfalme mmoja yapata mwaka 3100 kabla ya Kristo.

Karibu na mwaka 2200 kabla ya Kristo mafuriko yalipungua, na utawala nao ulikuwa umedhoofika. Wakuu wa majimbo wakagombana, njaa ikaingia. Mkuu mmoja, Ankhtifi, aliandikisha kaburini mwake kuwa aliwalisha watu wake wakati wengine walipokufa kwa njaa.

Basi, wenzangu, mvua hatuiamuru. Mfereji, ghala na ujirani mwema ni kazi yetu. Akiba haiozi.