SOMO: TUMBO LISILOPONA

Tumbo likiuma na kuhara kukiendelea kwa majuma mengi, usibahatishe dawa za dukani.

Utumbo unaweza kutoka vidonda kwa sababu mbalimbali. Sababu moja ni kifua kikuu cha utumbo. Kinaletwa na vijidudu, vinavyoweza kuwamo katika maziwa yasiyochemshwa. Sababu nyingine ni ugonjwa uitwao Crohn. Huo hauambukizi.

Magonjwa haya hufanana. Mgonjwa huumwa tumbo, huhara na hukonda. Lakini dawa ni tofauti. Baadhi ya dawa za Crohn hupunguza kinga ya mwili. Mwenye kifua kikuu akipewa hizo, vijidudu huenea, naye anaweza kufa.

Kwa hiyo daktari wa hospitali kubwa hukata kipande kidogo sana cha utumbo kipimwe. Mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba, yaani alama za asili za vijidudu. Majibu hupatikana kwa saa mbili hivi. Mashine isipoona kitu, daktari huendelea kuchunguza.

Wahi zahanati. Chemsha maziwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Maswali
1. Kwa nini tupimwe kabla ya kunywa dawa?
2. Nyumbani kwako maziwa huchemshwa?