Saa ya Meli na Saa ya Mji

Ndugu zetu wapenzi, darsa letu la leo lahusu jambo ambalo wengi watalidhani kuwa dogo, nalo ni kujua saa. Huenda mtu akacheka akasema: ni nani katika Mombasa asiyejua saa? Kila mfuko una simu, kila ukuta una saa, na minara yetu hutuita mara tano kila siku. Lakini sisi twasema kwamba kuisoma saa ni jambo moja, na kujua saa hiyo ni ya nani ni jambo jingine. Kwa kutoyatenga mambo haya mawili, vijana wetu wamepata kuvunja ahadi bila ya kukusudia. Na aliyevunjiwa ahadi hana njia ya kuiona nia ya mwenziwe, huona kitendo chake tu.

Kijana mmoja wa mtaani petu, mwenye adabu na mwenye kuipenda kazi yake, alipatana na wageni sita walioshuka melini Kilindini. Aliwatembeza Ngomeni na Ndia Kuu, akawaonyesha milango ya nakshi na bandari ya majahazi, kisha akawavusha daraja la Nyali kwenda kuwatazama wanyama wa Bamburi. Walikuwa wamemwambia kwamba mwisho wa kupanda meli ni saa kumi na nusu alasiri. Naye akawarejesha bandarini saa kumi na robo, akijiona amewahi. Kumbe meli ile ilitoka Shelisheli, na nahodha hakuibadilisha saa yake. Saa kumi na robo ya Mombasa ilikuwa saa kumi na moja na robo ya meli! Zilibaki dakika chache tu ngazi iondolewe. Wazee wale walikimbia gatini, mmoja wao akiwa na maradhi ya magoti, na wakapanda kwa tabu kubwa. Kijana akarudi nyumbani bila ya malipo yake, na jina lake limeharibika.

Je, ni nani aliyekosa? Wageni walisema kweli, kwani waliyoyataja ndiyo yaliyoandikwa melini. Kijana naye alitimiza kama alivyosikia. Na wala mtu asiseme kwamba wageni wangalitazama saa zao, kwani wote walitegemea simu, nazo simu ziliponasa mtandao wa Kenya zilijigeuza zenyewe zikafuata saa ya nchi. Basi kosa halikuwa katika ulimi wala katika saa. Kosa ni kwamba hakuna aliyeuliza: saa ya wapi?

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24. Kwa hivyo kila saa moja ni digrii 15, na kila digrii moja ni dakika 4. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington wakachagua mstari wa Greenwich, ulioko London, uwe mwanzo wa hesabu. Nchi yetu imewekwa saa tatu mbele ya Greenwich, yaani kwa mstari wa digrii 45. Lakini kisiwa chetu kiko takriban digrii 39 na dakika 40 mashariki. Ukizidisha tofauti hiyo utapata kwamba jua la Mombasa liko nyuma ya saa ya nchi kwa dakika 21 hivi. Ndiyo sababu jua halipindui kwetu saa sita kamili: mwanzo wa Novemba hupindua kiasi cha saa sita na dakika 5, na katikati ya Februari hukaribia saa sita na dakika 35. Na ndiyo sababu adhuhuri ya Mombasa huitangulia ya Nairobi kwa dakika 11 hivi, ijapokuwa saa za ukutani ni moja. Saa ya nchi, basi, ni mapatano ya watu. Katika zama za ukoloni Kenya iliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, na wakati mwingine kwa saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa tatu.

Wala mtu asidhani kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Abul-Fida, mtawala wa Hama na mwanachuoni wa jiografia aliyefariki mwaka 1331, alikwisha kueleza kwamba watu wawili wakiizunguka dunia, mmoja akienda mashariki na mwenziwe magharibi, watakapokutana hesabu zao za siku zitatofautiana. Karibu miaka mia mbili baadaye, mwaka 1522, mabaharia wa msafara wa Magellan walirejea kutoka kuizunguka dunia wakastaajabu kuona kwamba daftari lao limepungua siku moja. Aliyesoma hakustaajabu.

Sasa tutazame meli zinazotujia. Zitokazo Shelisheli, Morisi au Oman hutoka katika nchi zilizo mbele yetu kwa saa moja. Zitokazo India hutoka mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Zitokazo Afrika Kusini au Msumbiji hutoka nyuma yetu kwa saa moja. Zanzibar, Komoro na Madagaska saa zao ni sawa na zetu. Mara nyingi nahodha huamuru saa zibadilishwe usiku, abiria wamelala, ili wakiamka waikute saa ya nchi wanayoifikia. Lakini si lazima afanye hivyo. Huenda akaona kwamba kuwabadilishia abiria saa kwa ajili ya siku moja ni udhia, akaiacha kama ilivyokuwa. Melini amri ni yake, na ngazi huinuliwa kwa saa yake. Abiria aliyekodi mtu wa nje asitarajie kungojewa. Akiachwa, hapana budi aifuate meli kwenye bandari nyingine kwa gharama zake mwenyewe.

Juu ya hayo sisi Waswahili tuna saa yetu ya tatu, nayo ni saa ya ulimi. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza na linapokuchwa, na hesabu hii yatufaa sana, kwani huku kwetu karibu na Ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Mgeni huanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita kamili, nayo si ngumu. Ugumu huja mtu anapotafsiri haraka. Kijana amekusudia saa nne za asubuhi, akamwambia mgeni kwa Kiingereza neno la nne. Mgeni akafahamu saa kumi za alasiri. Mmoja angoja asubuhi, na mwingine yuko kitandani melini.

Na iko hitilafu nyingine iliyojificha zaidi, ya siku. Kwetu usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia jua la Alhamisi likisha kuchwa. Mgeni akiagiza chakula cha Kiswahili kwa usiku wa siku ya Ijumaa, na kijana akamfikishia mamake mdogo kwamba wageni waja usiku wa Ijumaa, bibi yule atapika biriani Alhamisi, na chakula kitalala. Basi itajwe tarehe, tena isemwe: Ijumaa baada ya magharibi.

Ama wale wanaopatana na wageni kwa barua miezi kadhaa kabla ya meli kufika, wakumbuke kwamba nchi za Ulaya hubadilisha saa zao mwezi wa Machi na Oktoba. Uingereza huwa nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, na kwa saa mbili wakati wa joto. Sisi hatubadilishi.

Tufanye hesabu moja kwa mfano. Meli imetoka Shelisheli na haikubadilisha saa. Imeandikwa kwamba abiria watashuka saa 8:00 na watakuwa wamepanda saa 16:30. Kwanza tuzigeuze kuwa saa za mji: kushuka ni 7:00, yaani saa moja asubuhi, kupanda ni 15:30, yaani saa tisa na nusu. Pili, tuweke saa nzima ya akiba: wageni wawe langoni mwa bandari saa nane na nusu. Tatu, tuhesabu kurudi nyuma. Ikiwa safari ni ya Bamburi, nasi twaijua njia ya Nyali inavyosongamana, tuipe saa nzima. Basi watoke huko saa saba na nusu, nao watakuwa wamepata muda wa kutosha, na Mji wa Kale pia.

Lakini ikiwa wataka kwenda Tsavo Mashariki kuwaona ndovu, na tukaipa njia saa tatu kwenda na saa tatu kurudi kwa ajili ya malori ya barabara kuu, watafika saa nne na hawana budi kuondoka saa tano na nusu. Saa sita za gari kwa saa moja na nusu ya mbuga! Na yule asiyeuliza saa ya wapi atadhani ana mpaka saa sita na nusu; atafika bandarini saa tisa na nusu hasa, ile saa yote ya akiba imekwisha kuliwa, na tairi moja ikipasuka njiani wageni wameachwa. Hapa ndipo uadilifu unapojulikana. Safari ya Tsavo ina faida kubwa zaidi kwa mwenye gari. Je, atamwambia mgeni hesabu hii kabla ya kupokea fedha zake, au atanyamaza? Kunyamaza, naye ajua, si ujinga tena, ni hiyana.

Siku ya Ijumaa izingatiwe pia. Kiasi cha kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane za mji, maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa na njia za misikitini hujaa watu. Mgeni aambiwe mapema, naye ataheshimu. Na ndugu zetu mabaharia walio melini wasifuate saa ya ukutani katika kuswali. Watazame jua la mahali walipo, kwani jua halipokei amri ya nahodha.

Basi enyi vijana, shikeni mambo manne. Ulizeni: saa hii ni ya meli au ya mji? Linganisheni saa yenu na ya mgeni ana kwa ana, kabla ya gari kuondoka, wala msiiamini simu peke yake. Andikeni kwenye karatasi saa ya kurudi kwa hesabu zote mbili, nakala moja kwake na moja kwenu. Na hesabuni kutoka mwisho kurudi mwanzo, akiba ikiwa mbele.

Mji wetu umepokea wageni wa bahari kwa karne nyingi, na waliokuja kwa pepo za kaskazi walijua kwamba wakichelewa kusi watangoja miezi. Wazee wetu waliipanga biashara yao yote kwa pepo hizo. Sisi twaombwa kuchunga saa moja tu. Tukishindwa na hiyo, tutamlaumu nani?

Mungu atuwafikishe katika kutimiza ahadi.